Panda kwa Upepo: Jinsi ya Kupanga Bustani ya Mboga Nyumbani, kutoka Mvua ya Mwaka hadi Kaskazi

Bei ya nyanya ikipanda Kongowea, mama wa Kisauni, Likoni au Mtwapa hupata habari kabla ya gazeti. Sehemu kubwa ya mboga tunazokula Pwani hufika kwa malori kutoka Taita Taveta, Loitokitok na ng'ambo ya mpaka, Tanzania. Barabara ikikatika, mafuta ya gari yakipanda au jua likiunguza mashamba ya huko, sisi huku ndio tunaolipa.

Na miaka hii kuna jambo jingine. Mwezi wa Ramadhani umeingia ndani ya kaskazi, miezi ya joto na ukavu kuliko yote. Wakati kila nyumba inataka dania ya sambusa, pilipili ya bhajia, nyanya za mchuzi na kachumbari, ndio wakati ambao ardhi yetu wenyewe haitoi kitu, isipokuwa kwa aliyejipanga mapema.

Wengi wetu tumewahi kujaribu. Mtu hununua pakiti ya mbegu, akachimba uani, akamwagilia wiki tatu, kisha miche ikanyauka au ikatoa maua yasiyoshika tunda. Husema, "Mimi sina mkono wa kupanda." Mara nyingi mkono hauna kosa. Kosa ni tarehe. Ushauri mwingi tunaousikia redioni na kuusoma kwenye pakiti umetungwa kwa ajili ya bara, ambako usiku ni baridi na udongo ni mfinyanzi. Bustani ya Pwani ina sheria zake mbili: hufuata kusi na kaskazi, na hupangwa kwa kurudi nyuma, kuanzia siku unayotaka kula hadi siku ya kutia mbegu ardhini.

Hesabu mbili za wazee

Hili si jambo geni kwetu. Waswahili wa zamani walikuwa na hesabu mbili za siku. Ya mwezi ilikuwa ya ibada: saumu, Idi, Maulidi. Ya jua, iliyoanza Siku ya Mwaka au Nairuzi, ilikuwa ya mabaharia na wakulima. Hiyo waliigawa kwa miongo, kila mwongo siku kumi, na kwa miongo hiyo walijua lini jahazi litoke na lini shamba lifyekwe. Hawakulima kwa hesabu ya mwezi, kwa sababu mwezi huhama na mvua haiufuati.

Sisi leo tunahitaji zote mbili. Hesabu ya jua itatuambia mboga gani inakubali msimu gani. Hesabu ya mwezi itatuambia lini jikoni kutakuwa na haja kubwa. Kazi ya mwenye bustani ni kuzikutanisha.

Mwaka wetu ulivyo

Mjini Mombasa mvua ya mwaka mzima ni kiasi cha milimita 1,000 au zaidi kidogo, lakini haigawanyiki sawa. Mvua ya mwaka, ambayo wengine huiita masika, huanza mwisho wa Machi au Aprili, hufika kilele Mei na kupungua Juni. Baada yake kusi huvuma kwa nguvu, hewa hupoa, na Julai na Agosti huja na manyunyu ya mchoo. Septemba ni demani, bahari hutulia. Oktoba hadi mwanzo wa Desemba ni vuli, mvua fupi isiyoaminika sana. Kisha kaskazi huingia, na Januari na Februari huwa mikavu kabisa.

Hali hiyo si moja Pwani nzima. Kusini, upande wa Msambweni na Diani, mvua ni nyingi kuliko kaskazini. Ukienda Malindi hadi Lamu hupungua, na vuli ya Lamu ni haba mno. Ukiingia bara kidogo, Kinango, Ganze au Magarini, ukavu huongezeka. Kwa hiyo tarehe utakazosoma hapa ni za ukanda wa Mombasa, Kilifi na Kwale karibu na bahari. Aliye Lamu ategemee zaidi mvua ya mwaka, na vuli aihesabu kuwa ni bahati.

Mwaka pia hautabiriki kama zamani. Kati ya 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo katika sehemu nyingi kavu za Kenya, zikiwemo za Pwani. Kisha mwisho wa 2023 El Niño ikaleta mafuriko. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri kabla ya mvua ya mwaka na kabla ya vuli. Usikilize kabla ya kununua mbegu. Wakisema mvua itakuwa chini ya kawaida, punguza nusu ya ulichokusudia.

Anza na maji, si mbegu

Swali la kwanza si "nipande nini?" bali "nina maji kiasi gani mwezi wa Februari?" Kwa jua la kaskazi, mita moja ya mraba ya mboga hutaka lita 5 hadi 6 kwa siku. Ukiwa na matuta manne, kila moja upana wa mita 1 na urefu wa mita 3, hizo ni mita 12 za mraba. Maana yake ni lita 60 hadi 72 kila siku, yaani mitungi mitatu mpaka minne ya lita 20. Kama maji unanunua kwa mkokoteni, piga hesabu hiyo kwanza. Pengine matuta manne ni ya miezi ya mvua na kusi, na kaskazi ubaki na mawili.

Lakini maji ya nyumba hayaishi yakitumika mara moja. Maji ya kuoshea mchele na mboga ni mazuri kwa mimea. Maji ya udhu nayo hayana sabuni, na ni mengi kuliko tunavyodhani. Nyumba yenye watu watano wanaotawadha mara nne kwa siku, kila mmoja akitumia lita 2, hutoa lita 40. Hayo yanatosha tuta zima na ziada. Weka beseni, au elekeza mfereji wa pale mnapotawadhia uende kwenye mabiringani. Maji ya sabuni ya unga na ya dawa ya kufulia, hapana.

Paa la bati ni kisima cha juu. Kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 30 za mraba likipata mvua ya milimita 20 hukusanya karibu lita 600, ukitoa kidogo kinachopotea. Pipa mbili tatu zikijaa mwisho wa vuli hukusogeza mbele katika Januari.

Kisima nacho kina tahadhari yake. Karibu na bahari maji ya visima huzidi chumvi kadiri kaskazi inavyoendelea. Dalili ni ukoko mweupe juu ya udongo na ncha za majani kuungua. Maharagwe, karoti na vitunguu hudhurika upesi kwa chumvi. Spinachi huvumilia zaidi, na nyanya huwa kati. Mwenye kisima cha munyumunyu achague mboga kwa ulimi: maji yakimkera yeye kuyanywa, asiyape maharagwe.

Udongo wa mchanga una njaa

Udongo mwingi wa ukanda wa bahari ni mchanga, na kwengine ni matumbawe yenye udongo kiganja kimoja juu. Maji hupita kama kwenye chujio, yakichukua na rutuba. Dawa yake ni moja: kuulisha. Tia debe moja la samadi iliyooza vizuri kwa kila mita mbili za mraba, kila unapobadilisha mmea. Samadi mbichi ya ng'ombe au kuku huunguza mizizi, kwa hiyo iache ioze kwanza miezi miwili mitatu.

Maganda ya viazi, ya ndizi na mabaki ya mboga yawekwe shimoni pamoja na majani makavu, yakinyunyizwa maji. Kwa joto letu huwa mbolea kwa muda wa miezi mitatu hivi. Mwani uliotupwa ufuoni unafaa, lakini uoshwe chumvi kwanza. Makumbi ya nazi yaliyochambuliwa hushika maji vizuri. Nayo pia yalowekwe na kusuuzwa, kwani huwa na chumvi.

Baada ya kupanda, usiache udongo uchi. Funika kwa nyasi kavu, majani ya mgomba au makuti yaliyokatwakatwa, unene wa vidole vinne. Kifuniko hicho hupunguza maji yanayopaa, hupoza mizizi na huzuia magugu. Kwa kaskazi, tuta lililofunikwa na lisilofunikwa ni mashamba mawili tofauti.

Msimu kwa msimu

*Februari na Machi: kutayarisha.* Huu si wakati wa kufungua tuta jipya. Ni wakati wa kusomba samadi, kuchimba mashimo ya mbolea, kukarabati wigo kabla kuku na mbuzi hawajakutembelea, na kwa wa Diani kabla ya tumbili. Jua kali litumie: tuta lililokuwa na minyoo ya mizizi limwagilie maji, lifunike kwa nailoni inayopitisha mwanga, ukandamize kingo kwa udongo, uliache wiki nne hadi sita. Joto litapika minyoo na mbegu za magugu. Mwisho wa Machi atika miche ya biringani na pilipili chini ya kivuli cha makuti.

*Aprili hadi Juni: mvua ya mwaka.* Hapa ni mboga za majani. Mchicha huanza kuvunwa baada ya wiki tatu au nne tangu kusiwa. Kunde za majani hivyo hivyo, na ukichuma kwa vidole bila kung'oa hutoa tena. Mnavu huchukua wiki nne mpaka sita. Panda pia bamia. Roweka mbegu usiku mmoja, na baada ya siku 50 au 60 utakuwa unachuma kila siku ya pili. Matembele na mihogo ya kisamvu ipandwe sasa ili ishike mizizi na ije ikuokoe wakati wa ukavu. Matuta yainuliwe kiganja kimoja ili maji yasisimame.

Nyanya usizipande wakati huu, hata ukitamani. Mvua ya Mei hurusha udongo kwenye majani, unyevu haukauki, na baka huzimaliza kabla hazijaiva.

Mwezi huu mboga huwa nyingi kuliko walaji. Ziada ya majani ya kunde chemsha kidogo, anika kivulini mpaka yakauke, na uyaweke mahali pakavu. Mama zetu wa Kimijikenda na Kitaita wanaijua kazi hii vizuri, na mboga hiyo hufaa sana mwezi wa Februari.

*Julai hadi Septemba: kusi.* Ikiwa utakuwa na bustani msimu mmoja tu kwa mwaka, uwe huu. Joto limepungua, manyunyu yapo, wadudu ni wachache kidogo. Sukuma wiki, spinachi, dania, nyanya, hoho, yote hukubali. Atika nyanya mwezi wa Juni zikiwa chini ya paa la nailoni au makuti, uzihamishe Julai mvua ikishapungua. Mche mmoja uliotunzwa na kufungwa kwenye mti waweza kukupa kilo 2 au zaidi, na tuta moja la mita 3 hubeba miche kumi. Kwa nyumba ya watu sita hizo ni wiki nyingi bila kununua.

Adui wa msimu huu ni upepo wenyewe. Kusi hutoka upande wa kusini na huchukua chumvi ya bahari. Weka ukuta wa makuti upande huo, au panda safu ya mironge. Usijenge ukuta usiopitisha hewa kabisa, kwani upepo hupanda juu yake na kuangukia mimea kwa kishindo. Makuti yenye matundu huupunguza upepo bila kuuchokoza.

*Oktoba hadi Desemba: vuli.* Huu ni mlango wa kuingilia kaskazi. Kila mmea uupandao sasa uulize: Januari utakuwa umesimama wapi? Biringani, pilipili na bamia zilizoshika mizizi mirefu kabla ya Desemba zitaendelea kuzaa jua likiwaka. Zilizochelewa zitabaki vibeti. Kunde zipande mvua ya kwanza tu ikinyesha. Na kabla vuli haijaisha, matuta yote yawe yameshafunikwa. Kufunika udongo uliokwisha kukauka ni kuufungia ukavu ndani.

*Januari hadi Machi: kaskazi.* Ni msimu wa kushikilia. Baki na biringani, bamia, pilipili, matembele, kisamvu na majani ya mronge. Hizi ndizo mboga zinazolijua jua letu. Kisamvu kitwangwe na kuchemshwa sana kama ilivyo ada, maana kibichi kina sumu. Mchicha na dania zitakubali ukizijengea chanja ya makuti yanayopunguza nusu ya mwanga. Mwagilia alfajiri au baada ya alasiri, kwenye shina na si juu ya majani. Mara moja kwa siku na maji yakazama ni bora kuliko kunyunyiza mara tatu juu juu.

Wengi huuliza kwa nini nyanya zao za Februari hutoa maua tele bila matunda. Sababu ni usiku. Nyanya hushika tunda vizuri usiku unapopoa. Mombasa mwezi wa Machi, joto la usiku haliteremki sana chini ya nyuzi 24, na mchana hufika nyuzi 32 au 33. Chavua hushindwa kufanya kazi, ua likadondoka. Mbolea zaidi haitasaidia kitu. Lililobaki ni kuhakikisha maua yanachanua kabla ya joto hilo.

Kuhesabu kutoka Ramadhani kurudi nyuma

Hapo ndipo hesabu mbili zinapokutana. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa jua. Kwa makadirio, na mwezi ukiandama, ya 2027 itaanza karibu na Februari 8, ya 2028 karibu na Januari 28, na ya 2029 katikati ya Januari. Mwaka 2030 Ramadhani itaanza mara mbili: mwanzo wa Januari, na tena mwisho wa Desemba. Basi kwa miaka hii tutafunga ndani ya kaskazi au mlangoni mwake.

Chukua mfano wa Februari 8, 2027. Nyanya hukaa kitaluni wiki nne, kisha siku 75 hadi 90 tangu kuhamishwa hadi kuiva. Rudi nyuma: ili uchume mwisho wa Januari na kuendelea, miche ihamishwe mwisho wa Oktoba au siku za mwanzo za Novemba. Basi mbegu ziatikwe mwisho wa Septemba au siku za mwanzo za Oktoba. Kwa njia hiyo vuli itakusaidia kumwagilia, na maua mengi yatashika Desemba, kabla joto halijafika kileleni. Aliyeatika Desemba kwa kuikumbuka Ramadhani atapata majani.

Pilipili hukaa kitaluni wiki sita na huchukua miezi miwili na nusu au mitatu baadaye. Atika mwanzo wa Septemba. Biringani atika katikati ya Septemba. Bamia panda Novemba moja kwa moja tutani.

Dania huchukua siku 30 hadi 45, na kwenye joto hukimbilia kutoa maua. Kwa hiyo usipande yote siku moja. Ponda mbegu zigawanyike mara mbili, sia mstari mmoja mwanzo wa Januari, mwengine baada ya wiki mbili, na mwengine tena Ramadhani ikiingia, yote chini ya kivuli. Mchicha uanze katikati ya Januari, nao pia kwa zamu ya wiki mbili mbili.

Kila mwaka unapopita, vuta tarehe hizi nyuma siku kumi hivi. Kwa Ramadhani itakayoanza mwisho wa Desemba 2030, nyanya zitaatikwa katikati ya Agosti, wakati kusi bado inavuma. Itakuwa rahisi zaidi, kwa sababu maua yatashika kabla ya joto kubwa.

Bustani ya nyumbani haitamaliza haja ya Ramadhani. Viazi, mbaazi na vitunguu utanunua, na kwa tuta dogo kitunguu hakifai kukupotezea miezi minne. Lakini dania, pilipili, nyanya, bamia na mchicha ndivyo vitu vidogo vidogo vinavyotoa pesa mfukoni kila alasiri. Hivyo ndivyo vya kulenga.

Msirudie tuta lile lile

Nyanya, biringani, pilipili na mnavu ni jamii moja na hushirikiana maradhi. Ukizirudia tuta moja kila msimu, minyoo ya mizizi itajenga mji humo, hasa kwenye mchanga wetu. Dalili yake ni mmea kudumaa na kunyauka mchana hata ukimwagiliwa. Ung'oe uone: mizizi ina vinundu kama shanga. Bamia nayo hushambuliwa sana na minyoo hiyo, hivyo isifuate nyanya.

Kwa matuta manne zungusha hivi: tuta la kwanza jamii ya nyanya, la pili kunde, la tatu mboga za majani, la nne bamia au matembele. Msimu ujao kila kundi lihamie tuta jengine, nawe ukihakikisha kuwa bamia haiangukii lilipokuwa jamii ya nyanya. Mmea wenye vinundu usiutie kwenye shimo la mbolea. Ukaushe juani uuchome.

Kwa vidukari na inzi weupe, twanga kilo moja ya majani mabichi ya mwarubaini, loweka katika lita 5 za maji usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo ya kipande ishike, na unyunyize jioni chini ya majani. Rudia kila wiki. Ukilazimika kutumia dawa ya dukani, soma siku za kusubiri kabla ya kuvuna na uzifuate. Mchicha unaochumwa leo kwa chakula cha jioni si wa kupuliziwa sumu asubuhi.

Asiye na uwanja

Nyumba nyingi za Mji wa Kale, Majengo au Lamu hazina ua wa kulima, lakini zina dari, ngazi na madirisha. Ndoo iliyopasuka, karai, gunia na dumu lililokatwa vyote hupandwa, mradi vina matundu chini. Changanya udongo, samadi na makumbi yaliyosuuzwa kwa kiasi sawa. Pilipili moja kwa ndoo ya lita 20, biringani moja kwa ndoo, dania na mchicha kwenye karai pana. Gunia lililosimamishwa hubeba sukuma wiki ishirini ubavuni wakati wa kusi.

Ndoo hukauka upesi kuliko tuta. Kwenye dari la saruji mwezi wa Februari hutaka maji asubuhi na jioni, na kivuli cha adhuhuri. Panga ndoo zigusane ili zitiane kivuli.

Daftari

Kitu cha mwisho ni cha bei ya shilingi chache tu. Nunua daftari, na uandike mvua ya kwanza imenyesha lini, umeatika nini na lini, umechuma siku gani, na nini kilikufa. Baada ya miaka miwili utakuwa na kalenda ya uwanja wako mwenyewe, ambayo hakuna pakiti ya mbegu wala makala haya inayoweza kukupa. Watafiti wa KALRO kule Mtwapa na maafisa wa kilimo wa kaunti waweza kukusaidia kuhusu aina za mbegu zinazovumilia joto letu. Ukiwaendea na daftari mkononi watakujibu kuhusu uwanja wako, si kuhusu uwanja wowote.

Mbegu za mchicha, kunde na bamia uzihifadhi mwenyewe. Acha mimea miwili mitatu iliyo bora ikomae na kukauka, zitie kwenye chupa kavu pamoja na jivu kidogo, na umpe jirani fungu lake. Zile chotara za dukani hazirithi sawa, hizo utanunua kila mara.

Andika ukurasa wa kwanza leo: tarehe ambayo Ramadhani ijayo inatarajiwa. Kisha hesabu miezi minne na nusu kurudi nyuma. Siku utakayoifikia ndiyo siku ya kuatika nyanya, na kama imekaribia, samadi iwe imeshafika uwanjani.